Nina Shahada, Nataka Kuwa Nesi: Mlango Uko Wapi?



Naandika haya nikiwa na miaka 27, shahada ya utawala wa umma ndani ya kabati, na kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ambayo msimu ukimalizika na mimi namalizika. Wengi wenu mnaijua hali hii, sina haja ya kuieleza. Ninachotaka kusema leo ni kwamba nimeamua kurudi kusoma, na safari hii nataka uuguzi.

Yalianzia wodini. Bibi yangu alilazwa katika hospitali moja hapa Unguja, nikakesha naye siku tisa. Usiku wodi nzima ilikuwa na nesi mmoja. Mmoja! Anatundika dripu huku, anapima presha kule, anamgeuza mzee aliyepooza, anaandika faili, na katikati ya hayo anatukanwa na jamaa wa mgonjwa kwamba amechelewa. Usiku wa nne dripu ya bibi ikachomoka. Mimi na shahada yangu tukasimama pale tunatazama damu. Yule dada akaja, akaiweka sawa, akasema "pole bi mkubwa", akaenda zake kitanda cha pili. Nikajiuliza, hivi mimi miaka mitatu nilisoma nini?

Nilipoitoa habari nyumbani, shangazi aliniangalia kama nimepandwa na shetani. "Mwanangu, umesoma chuo kikuu ukamwage mikojo ya watu?" Sikumjibu, kwa sababu yeye mwenyewe alipojifungua kwa shida, aliyemsimamia mpaka asubuhi hakuwa bwana mwenye tai. Alikuwa mkunga.

Basi nikaanza kuulizia. Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Stashahada ya uuguzi na ukunga ni miaka mitatu, na hawaangalii shahada yako hata kidogo. Wanaangalia cheti cha Form Four: ufaulu wa masomo manne, na ndani yake iwemo Bayolojia, Kemia na Fizikia. Masomo ya dini hayahesabiwi, kwa hiyo ile A yangu ya Dini niliyokuwa najivunia haina kazi hapo. Bayolojia nina C, Kemia D. Fizikia nilipata F, kwa sababu skuli yetu ya shamba ilikaa karibu mwaka mzima bila mwalimu wa somo hilo. Maana yake ni kwamba lazima nirisiti Fizikia, nikae darasa moja la twisheni na watoto wa miaka 17, ndiyo nianze kuhesabu miaka mitatu. Kama nataka shahada ya uuguzi moja kwa moja, nipitie Form Six ya sayansi, halafu miaka minne, halafu mwaka wa mafunzo kazini. Nitakuwa na umri gani hapo?

Wenzetu hawafanyi hivi. Marekani mtu mwenye shahada nyengine anaweza kumaliza uuguzi kwa miezi 12 mpaka 18, akishapita masomo ya msingi ya sayansi. Uingereza kuna njia ya miaka miwili kwa waliokwisha kuhitimu. Hawakushusha kiwango. Wamekubali tu kwamba mtu mzima aliyekwisha kusoma chuo hahitaji kufundishwa upya namna ya kusoma.

Sisi tuna SUZA, yenye skuli yake ya afya pale Mbweni. Kwa nini pasiwe na mwaka mmoja wa masomo ya sayansi kwa wahitimu wa fani nyengine, wakipasi waingie? Walimu wapo, majengo yapo.

Na tukizungumza majengo, hayo serikali inayapenda sana. Hospitali za wilaya zimejengwa kwa fedha za UVIKO-19, riboni zikakatwa, picha tukaziona. Sawa, sibishi, jengo zuri ni jengo zuri. Lakini jengo halikeshi na mgonjwa. Tangu 1964 tunapokea timu za madaktari kutoka China, na Mungu awalipe, ila wao huja na kuondoka. Anayebaki na bibi yako saa tisa za usiku ni nesi wa hapahapa.

Sasa kuna jambo ambalo sisi wa upinzani tusilikwepe, kwa sababu mtu atatuuliza. Wapo wauguzi waliosoma, wana vyeti, na wako majumbani wanasubiri ajira au wanajitolea kwa nauli ya daladala. Wodi hazina manesi na manesi hawana kazi, yote mawili kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani lilisema katika ripoti yake ya 2020 kwamba dunia ina upungufu wa wauguzi milioni 5.9, na sehemu kubwa kabisa ya pengo hilo iko nchi kama yetu. Kwa hiyo tukidai njia ya wahitimu bila kudai nafasi za ajira, tutakuwa tunaongeza foleni tu. Madai yaende pamoja: kila hospitali mpya itangaziwe hadharani ina wauguzi wangapi kwa zamu ya usiku, na Bodi ya Mikopo iseme wazi kama mtu anayelipa mkopo wa shahada ya mwanzo anaweza kukopeshwa kusomea uuguzi. Mabaraza ya vijana ya majimbo yalibebe hili kwa wawakilishi wetu kabla ya bajeti, si baada.

Kuna rafiki yangu ananiambia nisubiri mpaka mambo yabadilike. Nimesubiri tangu nihitimu, ati.

Mtihani wa Form Four ni Novemba. Nimeshapata twisheni Kikwajuni, jioni, nikitoka zamu ya asubuhi. Mwalimu ni kijana mdogo kuliko mimi, ananiita "dada" na haniulizi maswali mbele ya wale watoto. Wiki hii tuko kwenye shinikizo la vimiminika. Yaani presha, ile ile aliyokuwa akimpima bibi.