Ukimwi: Babati isibweteke na takwimu ndogo

MKOA wa Manyara umekuwa miongoni mwa mikoa yenye maambukizi madogo ya virusi vya Ukimwi (VVU) nchini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011/12 ulionyesha asilimia 1.5, wakati Njombe ilikuwa na asilimia 14.8. Hiyo ni habari njema, lakini kwa mji wa Babati inaweza kugeuka mtego.

Wastani wa mkoa huchanganya vijiji vya ndani na mji ulio njia panda. Babati inapitiwa na magari ya Arusha, Singida na Dodoma. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, iliyozinduliwa Aprili 2018, ilifupisha safari za malori kwenda kaskazini. Msimu wa mbaazi na mahindi unapofika, wanunuzi, wapakiaji na madereva hulala mjini, fedha zikiwa mfukoni. Hatari ya msimu huo haionekani katika wastani wa mkoa.

Je, mpango wa taifa una udhaifu wapi? Utafiti wa 2022/23 unatoa jibu. Kati ya kila watu wazima 100 wanaoishi na VVU, takriban 83 walijua hali zao. Katika kila 100 waliojua, karibu 98 walikuwa wakitumia dawa, na katika kila 100 wanaotumia dawa, virusi vya 94 vilikuwa vimefubazwa. Mtu ambaye virusi vyake vimefubazwa hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana.

Kwa maneno mengine, dawa zinafanya kazi. Tatizo kubwa lipo kwenye kupima. Mama mjamzito hupimwa kliniki, lakini mwanamume anayepakia magunia tangu alfajiri hana siku ya kliniki.

Sheria iliyorekebishwa mwaka 2019 iliruhusu mtu kujipima mwenyewe. Hivyo vipimo na kondomu vinaweza kumfuata mfanyakazi kwenye maghala, minada, maegesho ya malori na nyumba za kulala wageni, kisha anayeonekana kuwa na virusi athibitishwe kituo cha afya na kuanza dawa.

Swali ni nani atalipa. Kwa miaka mingi mzigo mkubwa umebebwa na wafadhili, hasa Marekani kupitia mpango wake wa PEPFAR ulioanza mwaka 2003. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na huduma nyingi zikayumba. Katika bajeti ya 2025/26 serikali ilipendekeza tozo mpya kwa ajili ya Mfuko wa Udhamini wa Ukimwi na bima ya afya kwa wote. Hatua hiyo ni nzuri, lakini halmashauri nazo hukusanya ushuru wa mazao yaleyale yanayowaleta wageni hao mjini.

Kamati za Ukimwi za halmashauri zipimwe kwa mambo matatu: wanaume wangapi wamepimwa msimu wa mavuno, wangapi kati ya waliokutwa na virusi wameanza dawa, na shilingi ngapi zimetoka kwenye mapato ya ndani. Idadi ya semina haitoshi.

Wanunuzi wa mazao na wenye nyumba za wageni nao ni wadau. Nguvu kazi ikidhoofika, hasara huanzia shambani na kuishia sokoni. Maandalizi yaanze sasa, kabla gunia la kwanza la msimu ujao halijapakiwa.