Garanti ya Mdomo na Gari Lililotumika

Katika viwanja vya magari vya Kampala, ambavyo wenyeji huviita bondi, lipo neno moja linalotamkwa kwa wepesi mkubwa: garanti. Mnunuzi akisitasita mbele ya gari, muuzaji hulipigapiga boneti na kusema, "Usiwe na wasiwasi, Afande, gari hili lina garanti." Mara nyingi neno hilo hutosha. Askari hulipa, hurudi kambini na furaha yake, wala hajui amedhaminiwa kitu gani, kwa muda gani, na nani.

Kwa jamaa ya askari jambo hili si dogo. Wengi hununua gari kwa mkopo wa chama cha akiba, Wazalendo kwa wanajeshi au Exodus kwa polisi, na makato ya mshahara huendelea kila mwezi hata gari likiwa limelala uani juu ya matofali. Karo ya watoto haingoji injini itengenezwe.

Yafaa ifahamike kwanza kwamba dhamana ya kiwanda haitarajiwi kulifuata gari la namna hii hadi Uganda. Kampuni ya Toyota, kwa mfano, huuza gari jipya nchini Japani kwa dhamana ya miaka 3 au kilomita 60,000, na miaka 5 au kilomita 100,000 kwa sehemu kuu kama injini na giaboksi. Sheria ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2018 inakataza kuingiza gari lililotimiza umri wa miaka 15. Gari la miaka 12 au 13 bado huingia kwa halali, na dhamana yake ilikwisha likingali linatembea barabara za Japani. Kwa hiyo garanti ya bondi ni ahadi ya mwenye bondi peke yake.

Ahadi hiyo iandikwe. Karatasi itaje jina kamili la mwenye biashara, si la dalali; nambari ya injini na ya chesisi; tarehe ya kuanza na ya kwisha; sehemu zinazodhaminiwa; na ni nani atakayelipia spea na nani ujira wa fundi. Jambo hili la mwisho ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Wapo wauzaji wanaotimiza garanti kwa kutoa fundi bure, kisha humkabidhi mnunuzi orodha ya spea akanunue mwenyewe.

Mathalani sajini ananunua gari kwa garanti ya miezi 3 ya injini na giaboksi. Wiki ya sita anahamishiwa Moroto, na huko giaboksi inakataa. Fundi wa mjini anaifungua ili aone kasoro. Sajini anapopiga simu Kampala anajibiwa kwamba karatasi inataka gari lirudishwe bondi, na kwamba likiguswa na fundi mwingine garanti imekufa. Safari hiyo inapita kilomita 400, nalo gari halitembei. Muuzaji hakudanganya, maneno yalikuwamo katika karatasi, ila hayakusomwa. Mkewe, ambaye hakuitwa siku ya kutia sahihi, pengine angeyasoma.

Sheria nayo ina neno lake. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 hutenganisha sharti na dhamana. Sharti likivunjwa, mnunuzi aweza kulikataa gari na kudai fedha zake, mradi asichelewe. Dhamana ikivunjwa, hudai fidia tu, na gari hubaki lake. Tena anayeuza magari kama biashara yake hubeba wajibu wa ubora hata asipotamka neno garanti, ambapo mtu binafsi anayeuza gari lake hana mzigo huo kwa jumla. Lakini kasoro ambayo mnunuzi alionyeshwa, au ambayo ukaguzi alioufanya ulipasa kuifichua, hawezi kuilalamikia baadaye. Basi mkaguzi awe fundi wake mwenyewe, wa Ndeeba au Katwe, asiwe yule anayeletwa na dalali kwa hisani.

Haki ya kuuza humpasa kila muuzaji, wa bondi na wa jirani. Jina la kadi ya gari lilingane na la kitambulisho cha muuzaji. Aidha, tangu sheria ya mwaka 2019 ya rehani za mali inayohamishika, ofisi ya usajili ya URSB ina daftari ambamo wakopeshaji huandikisha madai yao juu ya mali kama magari. Kulipekua kabla ya kulipa ni kazi ndogo kuliko kuamkia mlangoni watu wa mkopeshaji waliokuja kulichukua gari.

Mzozo ukizuka, si kila dai huhitaji wakili. Kanuni za mwaka 2011 zilianzisha utaratibu wa madai madogo mahakamani, yasiyozidi shilingi milioni 10. Bei ya gari zima aghalabu hupita kiasi hicho, ila gharama ya kutengeneza giaboksi huweza kuingia humo. Mlalamikaji huanza kwa barua ya madai kwa muuzaji, na akifika mahakamani huenda na hati ya mauziano, risiti, na ile karatasi ya garanti.