NAULI YA KIWANJANI NA HESHIMA YA MJI

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nami nauliza: na huyo mgeni, je, hapaswi kupona?

Kutoka kiwanja cha ndege cha Mwanza hadi katikati ya mji ni mwendo wa kilomita 10 hivi tu. Njia yapita Pasiansi na Kirumba, na kabla mgeni hajafika hotelini amekwisha kuliona Ziwa Victoria na yale majabali yaliyopandana, ambayo ndiyo yaliyomleta. Safari fupi na nzuri kama hiyo huharibiwa na jambo moja: nauli.

Likizo iliyopita nilikwenda kumpokea mama mdogo, aliyetoka Dar es Salaam. Dereva mmoja wa taksi alipotusikia tukisema Kisukuma, alitutajia bei yake. Nyuma yetu alisimama Mzungu, naye akienda mjini vile vile. Huyo alitajiwa mara tatu ya bei yetu, akalipa. Mama mdogo aliniuliza, "Mwanangu, huyu akirudi kwao atasema nini juu yetu?" Sikuwa na jibu.

Wako wasemao kwamba mgeni ana fedha, na kwamba dereva hungoja kutwa nzima. Ni kweli dereva hungoja, tena ana watoto wa kusomesha. Huenda wengine twaketi nao darasani. Kwa hiyo sisemi nauli iwe ndogo. Nasema iwe moja kwa wote. Mgeni aliyepunjwa siku ya kwanza hamwamini tena mtu yeyote: si mwenye mashua ya kumvusha kisiwani Saanane, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 2013, wala mama auzaye sato sokoni. Dereva mmoja amepata, wengi wamekosa.

Rai yangu ni hii. Madereva wenyewe wakae, wapatane nauli ya haki, waiandike ubaoni mahali watokeapo abiria, kwa Kiswahili na Kiingereza. Ubao huo uonyeshe pia daladala zinaposimama, maana si kila mgeni ni tajiri. Nasi wanafunzi tuulizwapo njia, tuseme kweli bila kudai kitu.

Ziwa na majabali tulipewa bure. Jina jema la mji wetu lazima tulifanyie kazi.

Mwanafunzi, Kidato cha III