Biharusi Aliyechoka Si Mvivu



Biharusi akitoka Unguja akaolewa Singida, siku za mwanzo husamehewa mengi. Miezi ikipita, mawifi huanza kuhesabu: nani kapepeta alizeti, nani kalala mchana. Akisema amechoka, anaitwa mvivu, au husemwa katupiwa jambo. Nasema tusiharakishe kumpa mtu jina.

Yapo maradhi ya uchovu wa kudumu. Mgonjwa huchoka miezi 6 au zaidi, akilala haamki na nguvu, kichwa huwa kizito hata maneno yakampotea. Alama yake kubwa ni hii: akijikaza leo kwa kazi ndogo, kesho au keshokutwa huzidiwa. Wanawake huyapata zaidi kuliko wanaume.

Kwa miaka mingi hata madaktari wengine waliyaita mawazo tu. Mwaka 2014 watafiti wa Japani waliwapima wagonjwa 9 na watu 10 wenye afya kwa mashine ya PET, inayopiga picha ya ubongo baada ya mtu kudungwa dawa yenye mionzi kidogo. Kwa wagonjwa waliona ishara kwamba chembe za ulinzi za ubongo zimeamka, kama mwili unavyofanya unapopambana na maradhi. Baadaye watafiti wa Uholanzi wakapima wanawake wenye maradhi hayo wasione tofauti. Kwa hiyo picha hiyo bado si kipimo cha hospitali, na asitokee mtu akakuuzia dawa kwa jina lake. Lakini picha ikikosa kuonyesha kitu, haina maana kuwa mgonjwa anasema uongo. Mwaka 2015 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitamka wazi kuwa haya ni maradhi mazito ya mwili.

Singida hatuhitaji mashine ya Japani ili tuanze. Tuanze na damu: utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Apimwe pia mimba, malaria, sukari na tezi ya shingo. Kwenye mifugo na maziwa yasiyochemshwa, aulizie brusela, nayo huchosha kwa muda mrefu. Asisahauliwe moyo wenye huzuni, maana yuko mbali na mama yake. Hayo yote yakishaangaliwa ndipo daktari autaje uchovu wa kudumu.

Mama mkwe, msindikize mkweo hospitali kabla ya kumsimanga. Nawe mume, usimlazimishe ajikaze. Mpangieni kazi kidogo kidogo, apumzike kabla hajaanguka.

Dini yetu imemruhusu mgonjwa aswali amekaa, akishindwa alale ubavu. Ikiwa Mola amempunguzia katika swala, sisi ni nani tumshikilie kwa ufagio?