Neno la Kweli kwa Rafiki Mwenye Mbwa

Shamba la mtu likiingiliwa na magugu, rafiki yake humwambia bila kuogopa. Paa la nyumba yake likianza kuvuja, humwambia pia. Lakini mara nyingi mtu huingia uani kwa rafiki akamkuta mbwa amefungwa juani kwa mnyororo usiozidi hatua mbili, sufuria ya maji imekauka, na mbavu zake zahesabika; naye hunywa chai yake, huaga, akaenda zake pasipo kusema neno. Akifika kwake humsimulia mkewe habari zote za mbwa yule. Yule apasaye kuambiwa ndiye peke yake asiyeambiwa.

Sababu ya kimya hicho yajulikana. Mbwa ni mali ya mwenyewe, na mgeni akosoaye mali ya mwenyeji wake huhesabiwa kuwa mjuvi. Tena wako watakaomcheka na kusema kwamba elimu imemzidi hata amesahau kuwa mbwa ni mbwa. Wazee walinena: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na wengi hulishika neno hilo wakafunga vinywa vyao. Lakini methali hiyo yamwonya mtu asinene ovyo, haikumkataza kunena.

Na shauri la mnyama lina tofauti moja kubwa na mashauri mengine ya nyumbani. Mke ana ndugu zake wa kumtetea. Mtoto ana mwalimu. Mtumishi aweza kuacha kazi akaenda zake. Mbwa hana wa kumpelekea mashtaka. Rafiki akaribishwaye uani mara kwa mara ndiye shahidi wake wa pekee. Dini nazo hazikulipuuza jambo hili. Mkristo hukuta katika kitabu cha Mithali kwamba kumjali mnyama wake ni alama ya mtu mwenye haki. Naye Mwislamu husimuliwa katika Hadithi habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu alimfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie riziki.

Basi mwenye kutaka kutoa shauri la kweli hana budi kwanza kulijua alisemalo, maana shauri lisilo na maarifa ni kelele tu. Na aanze na mnyororo. Watu wengi huamini kwamba mbwa akifungwa mchana kutwa na usiku kucha atakuwa mkali, na kwa hiyo atakuwa mlinzi hodari. Ukali ataupata, lakini ni ukali wa mfungwa: haubagui mwizi na mtoto wa jirani aliyefuata mpira wake. Mlinzi mwema ni yule awajuaye watu wa nyumbani, aliyezoea kutembea uani, na ambaye usiku hufunguliwa lango likiwa limefungwa. Mkanda wa shingoni nao uangaliwe. Mbwa huvishwa mkanda angali mdogo, shingo ikanenepa, na mkanda usiongezwe, hata ukaingia nyamani ukafanya kidonda. Kipimo chake ni rahisi: vidole viwili vya mtu vipite kati ya mkanda na shingo.

La pili ni maji na chakula. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama mtu. Hujipoza kwa kuhema, ulimi nje, na kwa hiyo kumnyima maji wakati wa jua ni kumweka katika hatari ya kufa. Makombo ya mezani si haba yakitosha, lakini mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vikali vikamchoma tumboni. Jambo baya kuliko hayo ni desturi ya kumpa mbwa unga au mahindi yaliyoingia ukungu kwa kuwa watu hawawezi kuyala. Sumu ya ukungu huo humdhuru mbwa kama imdhuruvyo mtu. Mwaka 1981, katika Wilaya ya Machakos, wagonjwa 20 walilazwa hospitalini kwa ajili ya sumu hiyo, na 12 kati yao wakafariki. Mbwa wa sehemu zile nao walikufa. Yafaa mkulima akumbuke kwamba mahindi yasiyofaa kwa watoto wake hayamfai mlinzi wao pia.

La tatu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni chanjo. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa ulithibitishwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa mmoja wa pembeni mwa Nairobi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, na karibu wote huupata kwa mbwa. Katika kila watu 10 waumwao na mnyama anayeshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Dalili zikishatokea kwa mtu, dawa haipatikani. Kinachobaki ni kumngojea afe. Lakini ugonjwa wenyewe huzuilika. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, huacha kuenea, na juu ya msingi huo Kenya ilianza mwaka 2014 mpango wa kuutokomeza ifikapo mwaka 2030. Yaani mbwa asiyechanjwa si shauri la mwenyewe peke yake. Ni shauri la kila mtoto apitaye njia ile kwenda shuleni. Mtu aweza kuuonea haya ukosefu wa mbwa wake akauficha, lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo chenyewe huenda kikamfikia mtoto wa mwingine.

Baada ya kujua la kusema, yabaki namna ya kulisema. Wako wajiitao wasema kweli ambao kweli yao ni fimbo. Humkemea mwenye mbwa mbele ya wageni na mbele ya watoto wake, wakamwita mkatili. Naye, hata akiwa amekosa, atatetea kosa lake ili kuilinda heshima yake. Rafiki mwenye busara hungoja wawe wawili. Tena huuliza kabla ya kuhukumu, maana huenda mbwa yule amefungwa kwa kuwa juzi aliua kondoo wa watu, na jirani ameapa kumtegea sumu. Aliyeuliza atalijua hilo, na shauri lake litakuwa lingine: atasema habari za kujenga ua wa miti, wala si habari za kumfungua tu.

Kisha husema jambo moja, wala si kumi. Husema lile lenye haraka, na pamoja na neno huleta mkono wa msaada. "Ndugu yangu, mbwa wako ni mlinzi kweli, nilimsikia usiku ule fisi alipokuja. Lakini ule mkanda umeanza kumkata shingo. Lete kisu, tuutoe sasa hivi." Nani atakayekasirika kwa maneno kama hayo? Na ikiwa mwenye mbwa ni mkubwa kwa umri, adabu yataka swali badala ya hukumu: "Mzee, mbwa huyu alichanjwa lini? Jumamosi nampeleka wangu. Nikupitie twende pamoja?" Mzee huyo hakuaibishwa, naye amekwisha kuambiwa yote.

Hata hivyo, upole usigeuzwe kuwa uongo. Yupo mtu atakayemleta mbwa wake mbele ya rafiki na kuuliza, "Wamwonaje?" akitazamia sifa. Mbwa akiwa amejaa kupe na upele, kumsifu ni kumdanganya mwenyewe na kumtesa mnyama. Asifiwe kwa lililo jema, kisha lisemwe lililo baya, tena waziwazi.

Mbwa si peke yake katika shauri hili. Yuko afugaye paka kwa ajili ya panya, asimpe chakula kamwe kwa kudhani kwamba njaa itamfanya awinde zaidi. Kumbe paka adhoofikaye kwa njaa huwinda vibaya, na mwishowe huhamia kwa jirani. Wako pia wanaowatia watoto wa paka katika gunia wakawatupa sokoni, hali daktari wa mifugo angeweza kumhasi mama yao. Na yuko afugaye kasuku wa kijivu pasipo kibali. Kasuku huyo hulindwa kwa mapatano ya mataifa, na biashara ya wale watwaliwao porini ilikatazwa tangu mwaka 2017. Mwaka 2023 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya liliwapa wenye kasuku hao muda wa kujitokeza pasipo kushtakiwa, na muda huo ulikwisha. Asiyeambiwa na rafiki yake ataambiwa na askari.

Naye aambiwaye ana wajibu wake. Asiulize kwanza, "Huyu ni nani hata anifundishe?" bali aulize, "Je, asemalo ni kweli?" Kisha aende akautazame mkanda, aitazame sufuria ya maji, na akitafute cheti cha chanjo. Akiona kwamba rafiki amekosea, hakupotewa na kitu ila dakika chache. Akiona amesema kweli, ameokoka katika hasara ambayo adui yake angefurahi kuitazama kimya.

Na ikiwa neno halikusikiwa mara ya kwanza, liregewe mara ya pili. Kukiwapo mateso ya wazi, nchi ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Na mbwa akibadilika tabia ghafula, akatokwa na mate, akauma ovyo, hapo hakuna tena urafiki wa kunyamaza: aliyeumwa aoshwe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, apelekwe hospitali siku ile ile, na afisa wa mifugo apewe habari bila kukawia.

Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, yule Mfaransa aliyefanya chanjo ya kwanza ya ugonjwa huu kwa binadamu mwaka 1885. Katika sehemu nyingi za nchi mbwa huchanjwa karibu na siku hiyo, na mara nyingi bila malipo. Amjuaye rafiki ambaye mbwa wake hajachanjwa asingoje tarehe hiyo ndipo alikumbuke neno lake. Amwambie juma hili, na siku ya chanjo ikifika ashike kamba moja, mwenzake ashike nyingine.