Miguu Tayari, Karatasi Bado

Katika toleo hili safu yetu ya michezo inakimbia mita 800, yaani mizunguko miwili ya uwanja. Ni mbio zisizo na huruma. Ukitoka kwa kasi yako yote, utaishiwa pumzi kabla ya utepe. Ukisubiri sana, wenzako wameshakwenda.

Mwanariadha wetu ni Wilson Kipketer. Alizaliwa Kenya mwaka 1972, akasoma shule ya St. Patrick's, Iten, ambako kocha alikuwa Bruda Colm O'Connell, mmisionari kutoka Ayalandi. Mwaka 1990 alikwenda Denmaki kusomea uhandisi wa elektroniki. Alifika ugenini kama mwanafunzi, kama walivyofika wazazi wa baadhi yetu humu chamani. Naye, kama wao, akabaki.

Mwaka 1995 alishinda mbio za mita 800 katika mashindano ya dunia mjini Gothenburg, Uswidi, akiwa amevaa jezi ya Denmaki. Shirikisho la riadha lilimruhusu, ingawa uraia wake ulikuwa haujakamilika. Lakini Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikuwa na sheria yake: bila uraia, hukimbii. Kwa hiyo Atlanta, mwaka 1996, bingwa wa dunia hakuwepo. Vebjørn Rodal wa Norwei alitwaa dhahabu kwa dakika 1:42.58. Hana kosa, aliwashinda wote waliosimama naye kwenye mstari. Ila mwezi mmoja baadaye, huko Rieti, Italia, Kipketer alikimbia kwa 1:41.83.

Mwaka uliofuata alikuwa moto. Rekodi ya dunia ya Sebastian Coe wa Uingereza, 1:41.73, ilikuwa imedumu tangu 1981. Mwezi Julai Kipketer aliifikia mjini Stockholm. Mwezi Agosti aliivunja Zürich kwa 1:41.24, na siku 11 baadaye akajivunja mwenyewe mjini Cologne, Ujerumani, kwa 1:41.11. Mwaka huohuo, na tena 1999, alikuwa bingwa wa dunia.

Dhahabu ya Olimpiki, hata hivyo, haikumngoja. Mwaka 1998 aliugua malaria. Sydney, mwaka 2000, alipitwa na Mjerumani Nils Schumann kwa sekunde 0.06 tu, akapata fedha. Athens, mwaka 2004, alipata shaba. Mwaka 2005 alistaafu.

Sisi wa chama hiki tunapenda kusema tuna nyumba mbili. Tunalisema kwa furaha, hasa siku za pilau. Maisha ya Kipketer yanatuonyesha upande wa pili wa maneno hayo: nyumba mbili zina gharama, na gharama hiyo wakati mwingine hulipwa mwaka ule ule ambao miguu yako iko tayari kuliko siku zote. Uraia unaweza kungojewa. Umri wa mkimbiaji hauwezi.

Wapo watakaosema angekimbilia Kenya tu, yakaisha. Wengine watasema Kenya ilipoteza mtoto. Mimi siafiki upande wowote. Denmaki ndiko alikosoma na kujenga maisha, na kuvaa jezi ya pale hakukuwa usaliti. Wala Iten haikufutika. Rekodi yake ilidumu miaka 13 kasoro siku 2, hadi Agosti 2010, ilipovunjwa Berlin na David Rudisha wa Kenya kwa 1:41.09. Na Rudisha alifundishwa na nani? Bruda Colm O'Connell yuleyule. Bendera zilikuwa mbili, kocha mmoja.

Kila mwaka tunajaza fomu zinazotaka tuweke alama kwenye kisanduku kimoja: uraia, asili, makazi. Tujaze, maana bila karatasi hata bingwa wa dunia hubaki nje ya uwanja. Na mwenye karatasi zinazosubiri kukamilishwa azishughulikie mapema, asingoje mwaka wa Atlanta wake. Lakini tusiamini kwamba kisanduku kile ndicho kinachosema nani alitufundisha kukimbia.

Walimu wetu na wanachama, nanyi mnaonaje? Kipketer alikuwa wa nani? Leteni majibu yenu kwenye mkutano ujao, na chai tutaandaa.