Sistimu Ikianguka, Mwananchi Ndiye Anayelipa





Kuna ofisi ya huduma za umma yenye matawi Thika na Ruiru. Majuzi stima ilipotea usiku, jenereta ikakataa kuwaka, na seva inayotunza majina na nywila za wafanyakazi wote ikazimika ghafla ikiwa kazini. Stima iliporudi, hifadhidata ya seva hiyo ilikuwa imevurugika, haifunguki. Bili na rekodi za wateja zilikuwa salama kwenye mtambo mwingine, lakini tangu karani wa dirishani hadi meneja, hakuna aliyeweza kuingia kwenye kompyuta yake azifikie.

Nilikuwa kwenye foleni ya Thika. Mbele yangu alisimama mama mzee aliyetoka Gatanga, risiti zake amezifunga kwenye leso. Mlinzi akamwambia, "Sistimu iko chini, mama, jaribu Ruiru." Wa Ruiru nao walikuwa wakielekezwa Thika, ilhali matawi yote mawili yanategemea seva ile ile! Mama yule alilipa nauli bure.

Mimi ni fundi wa kompyuta, na wenzangu walioitwa kurekebisha seva walinieleza walichokikuta. Diski ya bakapu ilikuwa imechomekwa kwenye seva hiyo hiyo iliyoharibika. Nakala pekee iliyosomeka ilikuwa na umri wa zaidi ya mwaka. Kwa seva za Active Directory za Microsoft, kama hiyo ya ofisi, nakala iliyopita muda uliowekwa, ambao kwa kawaida ni siku 180, haifai kurudishwa, kwa sababu seva huwa imekwisha kusahau ni akaunti zipi zilifutwa. Ikabidi akaunti ziundwe upya, moja baada ya nyingine, wananchi wakingoja.

Wakubwa wa ofisi wanasema dawa ni kununua seva ya pili. Nawasihi wasikomee hapo. Seva mbili za aina hii huigana kila wakati. Jina likifutwa kwenye moja, linafutika na kwenye ya pili. Kampuni ya meli ya Maersk ilikuwa nazo zaidi ya mia moja duniani kote. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi cha NotPetya kikazifuta zote isipokuwa moja nchini Ghana, iliyosalimika kwa kuwa stima ilikuwa imepotea huko kabla kirusi hakijaingia. Mfumo wa majina na nywila wa kampuni nzima ulifufuliwa kutokana na mashine hiyo moja. Sisi tutategemea bahati ya namna hiyo hadi lini? Tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ililala gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Kupotea kwa stima si jambo la kumshtua meneja yeyote nchini.

Kinachotakiwa hakina gharama kubwa. Nakala ichukuliwe kila usiku, ilale katika tawi lingine, mbali na seva, na nyingine ikae mbali na mtandao kabisa. Kila baada ya miezi mitatu fundi aijaribu kwa kuirudisha kwenye kompyuta ya akiba, kisha aandike imechukua saa ngapi na nani ameshuhudia. Bakapu ambayo haijawahi kujaribiwa haina wa kuidhamini. Na hili si ombi la hisani: kifungu cha 41 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinamdai anayeshika data za watu azingatie hatua kama vile uwezo wa kuzirejesha kwa wakati mitambo inapopata hitilafu.

Kuna jambo la mwisho, na ndilo linaloniuma zaidi. Mwezi huu bili zimekuja na faini ya kuchelewa kulipa, hata kwa siku zile ambazo madirisha yalikuwa yamefungwa. Waliofika na pesa mkononi wakarudishwa wanatozwa kwa kosa la ofisi. Faini hizo zifutwe, na waliokwisha kuzilipa warudishiwe kwenye bili ijayo.

Fundi wa kompyuta,
Ruiru, Kaunti ya Kiambu